Behewa Lisilo na Dirisha

Sajini Kiponda alipiga magoti mbele ya mlango wa behewa la Jamnadas, akatia kidole chake cha shahada katika tundu la parafujo, na kidole kikazama mpaka kwenye fundo. Alipokitoa kilikuwa kimejaa unga laini wa kahawia. Mchwa walikuwa wamekula mwimo wa mlango kwa ndani na kuuacha ngozi tupu, kama nyumba za wenye kiburi zinavyoliwa. Kiponda alikifuta kidole upesi, maana nyuma yake alisimama Jamnadas mwenyewe, na Jamnadas ukimpa neno moja hukurudishia kumi.

"Umeona?" Jamnadas akauliza. "Chuma cha kufuli kimeng'olewa chote. Ni nani mwenye mkono wa hivyo hapa Malindi kama si fundi seremala?"

Kwa watu wa Malindi, tangu enzi za mababu, behewa ni ghala la ndani ya nyumba: chumba cha nyuma ambamo mwenye mali huweka asichotaka kionwe na wapitao. Hili la Jamnadas lilijengwa kwa mawe na chokaa, lina mlango mmoja, wala halina dirisha hata la kupitisha panya. Ingawa jua lilikwisha panda, ilibidi Kiponda aingie na taa. Ndani mlikuwa na magunia ya pamba iliyotoka mashambani, mitungi ya samli, na kasha dogo lililokuwa na dhahabu ya Hansa, binti wa Jamnadas, aliyekuwa akiolewa mwezi unaofuata. Juzi asubuhi Jamnadas alikuja kufungua, akagusa kufuli, na kufuli na chuma chake na parafujo zake vyote vikamwangukia miguuni. Alipofunua kasha aliliona tupu.

Kesi hiyo, kwa maneno ya watu, ilikwisha kabla haijaanza. Askari Shekuwe, mtu wa Mambrui, alimfuata Lewa sokoni. Lewa alikuwa fundi kutoka Tezo, na kwa miezi mingi alikuwa akifanya kazi katika banda lililo uani mwa nyumba hiyohiyo ya Jamnadas. Shekuwe akamuuliza mbele za watu, je, ni yeye aliyevunja behewa? Lewa akajibu kwamba ndiye, ila wakimpa muda atarudisha kila kitu mahali pake. Hakupigwa hata kofi. Akatiwa pingu, na tangu hapo akafunga mdomo.

Kiponda alikuwa kwao Takaungu kwa msiba. Aliporejea asubuhi hii alikuta stima imetia nanga, na mahabusu yuko tayari kupakiwa ndani yake kwenda Mombasa akahukumiwe. Adhuhuri stima itaondoka. Kilichobaki ni Kiponda kumwambia mkuu wa wilaya, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, kwamba mambo yamekamilika. Mtu aliyekiri kwa kinywa chake hana wa kumtetea, na miaka atakayopewa huko Mombasa ingetosha watoto wake kumsahau sura.

Lakini mlangoni pa mahabusu Kiponda alimkuta Nyevu, mkewe Lewa, ambaye alikuja kwa miguu kutoka Tezo na bakuli lake la chakula, akakaa chini. Alimwamkia Sajini, "Shikamoo, baba," naye akamwitikia. Hakulia wala hakuomba. Alisema tu kwamba mumewe hajui kuharibu kitu, hata mlango mbovu wa kuku hufungua kwa adabu. Neno hilo lilimkaa Kiponda kama mwiba wa samaki kooni, ndiyo sababu sasa alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi wakati wenzake wanakunywa kahawa.

Alikichukua kile chuma akakigeuza mbele ya taa. Hakikuwa na mkwaruzo wa patasi wala alama ya nyundo. Parafujo zilikuwa nzima. Halafu akachungulia matundu tena, na katika tundu moja, chini ya unga wa mchwa, akaona kitu cheupe kilichokauka. Akakidonoa kwa ncha ya kisu, akakitia ulimini. Kilikuwa unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi.

"Sheth," akasema, kwa jina Wahindi wanalomwitia tajiri, "fundi akitaka kubandika kitu hubandika kwa nini?"

"Kwa gundi. Banda lote linanuka gundi yake ya ngozi. Kwa nini?"

"Kuuliza si ujinga," Kiponda akajibu, akauweka ule unga katika kitambaa.

Sakafuni, karibu na kasha, aliokota kishungi cha pamba. Jamnadas alicheka kwa dharau kidogo, akamwonyesha magunia: mtu aokotaye pamba katika ghala la pamba ni sawa na aokotaye mchanga ufuoni. Kiponda alikipikicha kile kishungi baina ya vidole. Pamba ya magunia ilikuwa na mbegu zake, ngumu, zimeng'ang'ania. Hiki hakikuwa na mbegu hata moja. Kilikuwa kimechamburwa kikawa kama povu. Nacho akakitia katika kitambaa.

Wakatoka uani kwenda bandani, na huko Jamnadas alionyesha kwa fahari ushahidi ambao Shekuwe aliuona: patasi nyembamba, ncha yake imeshika unga wa kahawia. Akasema huo ndio unga wa mlango. Kiponda alikaribia kuamini, na moyo wake ukashuka. Kisha akaipeleka patasi puani. Ilinukia kama kanisa la Wareno, au nyumba iliyofukizwa. Aliusugua ule unga, ukanata. Ilikuwa sandarusi, ile wanayoichemsha mafundi wakapaka mbao ili zing'ae. Unga wa mchwa haunati wala haunukii, na Kiponda akavuta pumzi.

Ndipo akatazama kilichokuwa juu ya mkeka. Vipande vidogo vya mti wa msaji vilipangwa safu kwa safu, vyembamba kama karata. Palikuwa na magurudumu ya shaba yaliyokerezwa, na springi ndogo zilizokatwa kwenye saa mbovu. Palikuwa na paa dogo, ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke, ukavikwa kitambaa cha tanga na kupakwa rangi nyeupe. Vioo vya madirisha vilikuwa vigae vya ulanga, kama vile vya taa. Palikuwa na viti vya kukalia abiria, kila kimoja si kikubwa kuliko ganda la kiberiti, vimetiwa ngozi na kushonwa ukingo. Kando, katika kifuu, zililala nyaya fupifupi za shaba zilizonyofolewa.

Jamnadas alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka. Hansa ameposwa na Dhirajlal, karani wa stesheni kule Voi. Familia njema, kazi njema, ila Voi haifikiki isipokuwa kwa gari la moshi, na Hansa hajapata kuliona. Mtu alimtia maneno kwamba linameza watu na kuwatapika weusi kwa masizi. Akaapa hapandi. Kumbe Lewa, kabla ya kurudi kwao Tezo, alifanya kazi miaka mingi Mombasa katika karakana ya reli. Ndipo Jamnadas akamwagiza kigari kidogo cha abiria, sawasawa na kile kikubwa, bila kupunguza hata bawaba, ili binti yake akione, akishike, na moyo wake utulie.

"Nani amekivunja?" Kiponda akauliza.

"Askari, walipokuwa wakitafuta dhahabu."

Kiponda aliwajua askari wake. Wakipekua nyumba huiacha kama imepitiwa na mbuzi. Aliyevunja hiki alitumia maji ya moto kulegeza gundi, na kila kipande alikilaza karibu na mwenzake. Akamwacha Jamnadas amesimama pale na maneno yake, akaenda mahabusu kwa hatua ndefu.

Lewa alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mrefu, magoti yake karibu na masikio. Shekuwe alisimama mlangoni. Kiponda aliketi chini, sawa na Lewa.

"Fundi, ulivunja behewa?"

"Nililivunja, Bwana Sajini. Sikatai."

"Kwa nini?"

"Niliombwa. Na aliyeniomba nimempa neno kwamba sitamtaja."

"Ukienda Mombasa neno hilo litakufaa nini?"

Lewa akatazama mikono yake. Akasema neno ni neno, na kama ni kufungwa, basi atafungwa. Kiponda aliona akibisha hapo mlango hautafunguka, akageuza njia. Hakuna fundi duniani awezaye kunyamaza ukimuuliza kazi ilivyokwenda.

"Hebu nieleze tu ulianzia wapi kulivunja."

Uso wa Lewa ulibadilika papo hapo. "Juu, bwana. Paa hutangulia, ukianzia chini linapasuka. Kisha nikaingia kwenye madirisha, maana shida yote ilikuwa kwenye madirisha. Yalikuwa na vyuma."

Kiponda alisogea karibu. Asubuhi hii hii alikuwa amewasha taa jua likiwa juu.

"Behewa hilo lina madirisha?"

"Kila upande. Na kile chumba cha wanawake kina komeo kwa ndani, mtu wa nje hawezi kufungua. Hilo sikuligusa, hilo ni jema."

"Fundi," Kiponda akasema polepole, "behewa hilo liko wapi?"

Lewa alimtazama kama mtu anayemwonea huruma mzee aliyepotewa na fahamu. "Si liko bandani, juu ya mkeka. Kwani mmelikanyaga?"

Shekuwe alikohoa. Kiponda aliinamisha kichwa, na mabega yake yakawa yanatikisika. Alikuwa anacheka, na kicheko kilimtoka kwa nafuu zaidi kuliko kwa mzaha, kwa kuwa alijua jinsi walivyokaribia kumpoteza mtu.

Kumbe huko karakana ya reli mafundi walilihamisha neno. Gari la abiria nalo ni vyumba vilivyofungana na milango yake, basi wakaliita behewa, na Lewa alikaa nao miaka mpaka kwake neno hilo likawa halina maana nyingine. Malindi hakuna reli. Mwenyeji wa Malindi akisikia behewa anaona giza, magunia na kufuli. Jamnadas mwenyewe tangu siku alipoagiza alisema kigari tu, basi hakuna aliyepata kusikia neno hilo likitumika kwa kitu kile. Shekuwe aliuliza habari ya ghala, akajibiwa habari ya gari, na wote wawili walisema kweli.

"Nikashangaa sana," Lewa alisema alipoelewa, akizitazama pingu zake. "Nikasema, lo, matajiri hawa! Mtu anatiwa pingu kwa kitu cha kuchezea, na mwenyewe nimesema nitakiunga tena. Dhahabu? Hakuna aliyenitajia dhahabu."

"Nilidhani unajua," Shekuwe akasema, macho yake chini. "Mwizi hatajiwi alichoiba, Sajini, ndivyo tulivyofunzwa."

"Umefunzwa vizuri, yakhe. Sasa mfungue pingu, lakini asitoke bado."

Maana Kiponda hakuwa mtoto. Neno lilikuwa limenyooka, ila kasha bado tupu. Bwana Shauri angesema fundi anaweza kuvunja gari asubuhi na ghala jioni, na angesema hivyo huku akitazama saa yake. Bila dhahabu, Lewa angepanda stima.

Kuhusu yule aliyemwomba Lewa avunje kigari, Kiponda hakuuliza tena. Ni nani atakayeona vyuma madirishani akadhani ni gereza, kama si yule atakayesafiri nyuma ya vyuma hivyo? Bila shaka Hansa aliteremka uani kwa siri, akaona, akalia. Kiponda alisema tu, kama anayejisemea, kwamba bibi arusi ana haki ya kuogopa. Lewa akatazama dari kwa bidii sana.

Kiponda aliporudi alimkuta Jamnadas dukani. Akamwambia anataka kusema na mkewe, Motiben, na Jamnadas akainua mikono yote miwili. Haiwezekani. Motiben hajui lolote! Kuibiwa dhahabu ya harusi kabla ya harusi ni nuksi kubwa, mama wa bibi arusi akilia machozi yake yanamfuata binti. Ndiyo maana Jamnadas aliwaambia wanawake wa nyumba kwamba Sajini amekuja kwa habari ya magunia ya pamba, na kwamba Lewa ameitwa Tezo kwa ugonjwa. Juzi na jana amekula bila kuonja ladha, ametabasamu mpaka mashavu yanauma.

"Yaani tangu juzi," Kiponda akauliza, "hakuna aliyemwuliza Motiben kitu?"

"Nimemkinga."

"Sheth, mwite. Nikikosea, nuksi iwe juu yangu."

Motiben alikuja, mwanamke mnene wa utulivu, ameshusha ncha ya sari hadi machoni, na kwenye kifua cha sari yake palichomekwa sindano yenye uzi. Kiponda alimwamkia kwa heshima, akamuuliza habari za nyumbani, habari za matayarisho. Kisha akafungua kitambaa chake juu ya meza ya duka: kishungi cha pamba laini ya kujazia magodoro na kipande cha unga mkavu.

"Mama, godoro la Hansa limekwisha kushonwa?"

"Bado upande mmoja," Motiben akajibu.

"Zito?"

Motiben aliinua kichwa. Alimtazama mumewe pembeni mwa sari, akaitazama ile pamba, akautazama ule unga.

"Zito kuliko pamba," akasema.

Jamnadas alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu Kiponda amjue, hakuna kilichotoka.

Motiben alieleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia upishi. Mama yake alipovuka bahari kuja kuolewa, dhahabu yake ilishonwa ndani ya godoro, na aliyejua ni mama mzazi peke yake. Mwanamume haambiwi, kwa kuwa mwanamume ana duka, na duka lina watu. Hansa anakwenda safari ya gari la moshi, watu wengi, stesheni nyingi. Basi akaamua. Ila ufunguo wa behewa Jamnadas hulala nao shingoni.

"Nikaenda kutazama, pengine ameusahau mlangoni. Nikashika kufuli, na chuma chote kikaja mkononi. Nikasema, basi, Mungu mwenyewe amenifungulia. Nilikuwa nimetoka kukanda unga wa chapati, nikabandika kwa unga. Nikajua baada ya harusi nitamwambia."

"Kwa nini hukuniambia juzi?" Jamnadas akauliza, sauti nyembamba.

"Juzi ulikuwa unacheka siku nzima. Nikasema, amefurahi, nisimsumbue."

Godoro lilishushwa. Motiben akachomoa uzi, akatia mkono katika ile pamba laini, na bangili ya kwanza ikatoka, kisha mikufu, kisha vipuli. Jamnadas aliketi juu ya gunia akafunika uso kwa viganja, na ilichukua muda kujulikana kwamba analia na kucheka pamoja. Alipomaliza alisema jina moja tu, la Lewa, akasimama.

Walikwenda pamoja, Kiponda mbele na Jamnadas nyuma, hana viatu. Walipita kwanza kwa Bwana Shauri, ambaye alisikiliza, akauliza mara mbili maana ya behewa, akaandika amri ya kumwachia. Kisha wakaenda mahabusu. Watu wa sokoni waliona tajiri anakimbia peku wakadhani duka linaungua, wakamfuata. Kwa hiyo palikuwa na mashahidi wa kutosha Jamnadas aliposimama mbele ya Lewa na kumshika mikono yote miwili, mahali palipokuwa na alama za pingu.

"Nilikusingizia hadharani," akasema, "na hadharani naomba unisamehe. Mke wangu ndiye mwizi wangu."

Watu wakacheka, na Lewa naye, baada ya kusita, akacheka. Alisema amesamehe. Akasema pia kigari atakiunga tena, ila madirisha yatakuwa wazi bila vyuma, na asiulizwe kwa nini. Jamnadas akaapa hatauliza chochote, kitu ambacho hakuna aliyemsadiki. Shekuwe alikuwa amesimama kando na kofia mkononi. Alitaka kusema neno, lakini Lewa alimgusa bega akampita, nalo lilikuwa jibu tosha.

Kiponda alirudi nyuma kidogo akaegemea mlango. Alijisikia mwepesi, mwepesi wa mtu aliyetua mzigo usiokuwa wake. Aliwaza habari ya kahawa, na kwamba leo angeinywa imekwisha poa, na hilo halikumsumbua.

Nyevu hakuja mbio. Alingoja umati ulegee, akamvuta mumewe kivulini kwenye ukuta, akamkalisha, akafunua bakuli: muhogo wa nazi na kipande cha samaki. Lewa akanawa, akamega tonge. Hapo honi ya stima ikalia kutoka majini, ndefu, ikawaita wasafiri. Lewa aliacha tonge likaanguka, akanyanyuka nusu, mikono yake miwili ameileta mbele pamoja bila kujua, tayari kufungwa.

Nyevu alimshika viganja akavitenganisha.

"Kaa ule," akasema. "Hiyo haikuiti wewe."

Lewa akakaa, akala.